Simu Peke Yake Haifundishi

Zamani mtu aliyetaka kusoma alitembea kumfuata mwalimu. Siku hizi mwalimu naye anatufuata sisi. Anakuja ndani ya simu. Ukiwa Mwakitolyo, Kahama, Nyarugusu au Rwamgasa, ukiwa na simu kubwa na bando kidogo, unaweza kupata somo la kufuga kuku, la kutunza hesabu za duka, la kulima pamba, au la afya ya mama na mtoto. Vyuo navyo vinafundisha hivyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992. Wanafunzi wake husoma wakiwa makwao, na siku hizi masomo yao mengi hupita kwenye intaneti.

Hili ni jambo jema. Lakini ndani yake kuna mtego. Katika somo la leo tutautazama mtego huo, halafu tutajifunza jinsi ya kuuruka.

KIKUNDI CHA KWANZA

Tuchukue mfano. Tuseme kuna kikundi cha watu kumi na wawili katika kijiji cha wachimbaji wadogo, mkoa wa Geita. Wote wamehitimu kisomo. Siku moja wanaletewa somo la simu. Somo linahusu zebaki, yale madini ya majimaji yanayong'aa ambayo wachimbaji huyatumia kukamatia dhahabu. Ni somo la picha na sauti, la dakika ishirini na tano.

Wanakaa chini ya mwembe. Mwenye simu anaiegemeza juu ya kigoda. Wa mbele wanaona picha. Wa nyuma wanaona migongo ya wa mbele. Mwalimu anaeleza vizuri sana. Dakika ya kumi, mzee mmoja anaanza kusinzia. Dakika ya kumi na tano, vijana wawili wanazungumza habari za mpira. Somo linakwisha. Katibu anauliza, "Jamani, tumeelewa?" Wote wanajibu, "Ndiyooo!" Wanapiga makofi, wanatawanyika.

Jioni ile ile mama mmoja wa kikundi kile anafika nyumbani. Mumewe amerudi kutoka mwaloni na donge lake la dhahabu iliyochanganyika na zebaki. Mama anawasha mkaa jikoni, anaweka donge kwenye kopo, anapepea. Mtoto yuko mgongoni. Mvuke wa zebaki unapanda. Hauonekani kwa macho. Haunuki. Mama anauvuta, na mtoto anauvuta.

Sasa tuulizane. Mama yule alikuwapo kwenye somo? Alikuwapo. Alisikia? Alisikia. Alisema "ndiyo"? Alisema. Je, alijifunza? Hapana. Hakujifunza.

Kosa si la mama. Mama ana akili zake timamu. Kosa si la simu wala la mwalimu, maana yote aliyosema yalikuwa kweli. Kosa ni namna ya kujifunza. Kikundi kizima kilikaa kama mitungi iliyopangwa mtoni, kila mmoja anangoja kujazwa. Mtu si mtungi.

KUSIKIA NI MWANZO TU

Hebu fikiri jinsi ulivyojifunza kulima kwa plau. Je, baba alikukalisha chini akakueleza asubuhi mpaka jioni? Hapana. Alikupa kamba ya ng'ombe mkononi. Ulikwenda upogo. Alikucheka kidogo, akakuonyesha, ukarudia. Msimu wa pili mstari ulinyooka. Mpaka leo hujasahau.

Na bao je? Nani alijifunza bao kwa kutazama tu? Mtazamaji hujiona hodari kuliko wachezaji. Mpe kete zake, ndipo utajua kama anajua.

Elimu ya kitabu na elimu ya simu ni hivyo hivyo. Akili hushika kile ilichokifanyia kazi. Ukiulizwa swali ukalitafutia jibu, akili imefanya kazi. Ukieleza jambo kwa maneno yako mwenyewe, akili imefanya kazi. Ukijaribu kwa mikono, ukakosea, ukasahihisha, akili imefanya kazi. Lakini ukikaa kimya ukatazama picha zinapita, akili imepumzika. Na simu ina hatari hii kuliko darasa: mwalimu wa darasani akikuona umesinzia atakuita jina, lakini simu itaendelea kusema hata kama kikundi kizima kimelala.

TULIWAHI KUFANYA HIVI

Ndugu msomaji, jambo hili si geni kwetu. Wazee wa mikoa hii wanalikumbuka.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni kubwa nchini iliyoitwa Mtu ni Afya. Mwalimu wake alikuwa redio. Kwa muda wa wiki kumi na mbili, karibu watu milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio juu ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Kabla ya hapo kulikuwa na kampeni za mwaka 1970 na 1971. Baadaye zikaja Chakula ni Uhai mwaka 1975 na Misitu ni Mali mwaka 1980.

Redio, kama simu, ni mwalimu asiyekuona. Ilisema Dar es Salaam, msikilizaji alikuwa Maswa. Basi waliopanga kampeni ile walifanyaje ili watu wasisinzie?

Kwanza, hawakuacha mtu asikilize peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, na viongozi zaidi ya 70,000 walipewa mafunzo kwanza. Katika mafunzo hayo walielezwa kwamba kazi yao si kuhutubia. Kazi yao ni kuuliza na kuhakikisha kila mtu anasema. Walifundishwa hata kukaa kwa duara, ili mtu asiwe mbele na mwingine nyuma.

Pili, redio ilikuwa mwanzo tu. Kipindi kikiisha, redio ilizimwa. Msomaji mmoja alisoma kitabu cha kampeni kwa sauti. Halafu walijadili: ugonjwa huu upo hapa kwetu? Unatoka wapi? Nani anaugua?

Tatu, hawakuondoka bila kuamua kazi ya kufanya. Wiki ile wangechimba vyoo, au wangefukia madimbwi, au wangefyeka majani karibu na nyumba. Mkutano uliofuata walianza kwa kuulizana: ile kazi imefanyika?

Vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi nchini. Redio haikushika jembe. Walioshika jembe ni watu waliokwisha kuulizana wao kwa wao na kukubaliana.

Utaratibu huo ni rahisi kukumbuka. Una maneno matano: KUSIKILIZA, KUSOMA, KUJADILI, KUAMUA, KUTENDA. Badala ya redio weka simu. Utaratibu ni ule ule.

ANZENI NA MNAYOYAJUA

Kuna funzo jingine, nalo ni la hapa hapa Shinyanga.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Nchi ilikuwa imekuwa kame. Miti ilikuwa imekatwa, malisho yamekwisha. Mpango ule ungeweza kuja na maneno mapya tu. Lakini uliokoa nchi zaidi pale uliposhika jambo ambalo Wasukuma walikuwa nalo tangu zamani, yaani ngitili: kutenga malisho wakati wa mvua ili yafunguliwe kiangazi. Wenyeji hawakuanza na sifuri. Waliulizwa wanajua nini, halafu elimu mpya ikajengwa juu yake. Mpango ulipofikia mwisho mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimefufuka katika hekta zaidi ya 300,000.

Kwa hiyo kabla ya kufungua somo lolote la simu, jiulizeni: sisi tunajua nini juu ya jambo hili? Mchimbaji anajua mengi juu ya zebaki. Anajua inavyoteleza mkononi, inavyokamata dhahabu kwenye beseni, inavyopungua. Ujuzi huo ni msingi. Mwalimu wa simu atajenga juu yake.

KIKUNDI CHA PILI

Sasa turudi kwenye mfano wetu. Somo ni lile lile la zebaki, la dakika ishirini na tano. Simu ni ile ile. Lakini safari hii kikundi kinafuata hatua saba. Zisome polepole.

Hatua ya kwanza: Kulipata somo mapema.

Kijana mmoja anatumwa senta, penye mtandao mzuri. Analishusha somo lote na kulihifadhi kwenye simu. Gharama ya bando wamechanga wote, kidogo kidogo. Siku ya somo hakuna mtu atakayesema "mtandao unasumbua". Wameazima na spika ndogo ili wa nyuma wasikie.

Hatua ya pili: Kuuliza kabla ya kusikiliza.

Wanakaa kwa duara. Kiongozi haufungui somo bado. Anauliza, "Mtu akiwa na donge la gramu kumi, akalichoma, akapata dhahabu ya gramu tano, zile gramu tano nyingine zimekwenda wapi?"

Kimya. Halafu mmoja anasema, "Zimeungua." Mwingine anasema, "Zimepotea." Wa tatu anasema, "Kitu hakipotei bwana, kitakuwa kimekwenda mahali." Wanabishana. Kiongozi hatoi jibu. Anasema, "Haya, tusikilize tuone mwalimu anasemaje."

Umeona? Sasa kila mtu ana swali moyoni. Mtu mwenye swali hasinzii. Anangoja jibu lake.

Hatua ya tatu: Kusimamisha somo kila baada ya dakika tano.

Mwalimu anaeleza kwamba zebaki ikipata moto haiungui. Inageuka mvuke, inapanda hewani. Kiongozi anabonyeza, somo linasimama. "Nani atatueleza alichosema, kwa maneno yake?" Mtu mmoja anaeleza kwa Kisukuma. Hakuna ubaya. Mawazo yajadiliwe kwa lugha inayoingia moyoni, na maandishi yaandikwe kwa Kiswahili. Mwingine anamsahihisha kidogo. Wakikubaliana, wanaendelea. Wasipokubaliana, wanarudisha nyuma na kusikiliza tena. Hiyo ni faida ya simu kuishinda redio. Redio ikishasema imesema. Simu unaweza kuirudisha mara kumi, haichoki wala haikasiriki.

Hatua ya nne: Kujaribu kwa mikono.

Somo linasema mvuke wa zebaki ukipoa hugeuka kuwa zebaki tena. Wengine wanatikisa kichwa. Kiongozi anasema, "Tujaribu. Lakini si kwa zebaki! Tujaribu kwa maji."

Wanabandika sufuria ya maji, wanaifunika. Maji yanachemka. Wanafunua mfuniko, wanaugeuza. Upande wa ndani umejaa matone. "Matone haya yametoka wapi?" "Ni maji yaliyopanda." "Na kama hakuna mfuniko?" "Yangekwenda zake." "Na kama sufuria iko ndani ya nyumba?" Hapo ndipo yule mama anashika mdomo. Anasema, "Yangekwenda kwenye paa. Jamani! Basi zile gramu tano ziko kwenye paa langu la jikoni."

Ndiyo, mama. Ziko kwenye paa, ukutani, kwenye nguo, na nyingine mmezivuta.

Jambo hili hakuambiwa na mtu. Amelipata mwenyewe. Jambo ulilolipata mwenyewe halikutoki.

Hatua ya tano: Kuandika machache.

Kila mmoja anafungua daftari. Anaandika mistari mitatu tu: Nilichokijua zamani. Nilichokijua leo. Swali nililobaki nalo. Asiyeandika haraka asaidiwe, lakini asiandikiwe. Mkono usiotumika husahau herufi.

Hatua ya sita: Kuamua na kutenda.

Kikundi kinakubaliana mambo matatu. Kuanzia leo hakuna kuchoma dhahabu ndani ya nyumba wala karibu na watoto. Hakuna mjamzito atakayekaa karibu na kazi hiyo. Na watachanga pesa wapate retoti, yaani chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba. Mvuke hupita kwenye bomba, hupozwa kwa maji, na zebaki hurudi ikakusanywa. Ni kazi ile ile ya mfuniko wa sufuria. Hata hivyo retoti nayo itumike mahali pa wazi, mbali na nyumba. Na iliyo bora zaidi ni kutafuta njia ya kupata dhahabu bila zebaki kabisa.

Hatua ya saba: Kumfundisha mwingine.

Kila mmoja anapewa kazi ya kumweleza jirani mmoja kabla ya mkutano ujao. Ukitaka kujua kama umeelewa, mweleze mtu asiyejua. Pale utakapokwama, hapo ndipo hujaelewa. Rudi kwenye simu, sikiliza tena mahali hapo.

KWA NINI TUMECHAGUA ZEBAKI

Huenda unauliza, kwa nini mfano huu? Ni kwa sababu hapa kwetu mtu akijifunza nusu-nusu, anaweza kulipa kwa mwili wake.

Zebaki ikiingia mwilini huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na huumiza figo. Mtu hutetemeka mikono, husahau, hukosa usingizi, hukasirika bila sababu. Mtoto aliye tumboni yuko katika hatari zaidi. Rwamgasa, wilaya ya Geita, ni mahali pamoja ambapo wataalamu walipima afya za wachimbaji katika mradi wa Umoja wa Mataifa uliofanywa kati ya mwaka 2002 na 2007. Miongoni mwa waliokuwa wakichoma dhahabu walionekana watu wenye dalili za sumu hiyo.

Duniani jambo hili lilijulikana sana mwaka 1956, kule Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaipata, na watu waliokula samaki wakaugua na kufa. Kwa kumbukumbu yao, mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013 wa kupunguza matumizi ya zebaki. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2020.

Lakini mkataba uko kwenye karatasi, na kopo liko jikoni. Kati ya karatasi na kopo kuna mtu. Mtu huyo asipojifunza kwa kweli, mkataba hautamfikia.

MATATIZO MTAKAYOKUTANA NAYO

"Simu ni moja, watu ni wengi." Hilo si tatizo kubwa. Simu moja kwa watu kumi wanaojadiliana ina faida kuliko simu kumi kwa watu kumi wanaotazama kila mtu peke yake. Wakizidi kumi na watano, gawanyikeni.

"Kuna anayesema peke yake." Kila kikundi kina mtu wa namna hii. Mara nyingi ni mtu mwema, ila hajui kunyamaza. Mpeni kazi ya kuandika. Au wekeni sheria: kila mtu aseme mara moja kabla ya yeyote kusema mara ya pili. Mshike kijiti mkononi, kizunguke. Mwenye kijiti ndiye msemaji.

"Akina mama hawasemi mbele ya wanaume." Basi waanze kujadili wao kwa wao kwa dakika kumi, kisha walete mawazo yao kwa wote. Katika mfano wetu, aliyegundua habari ya paa ni mama. Kama angenyamaza, kikundi kizima kingekosa.

"Mtu akikosea anachekwa." Hili ni sumu ya darasa. Aliyechekwa leo kesho hatakuja. Kiongozi aseme tangu mwanzo: hapa anayekosea anatusaidia, maana kosa lake tulikuwa nalo wengi.

"Tumo kwenye grupu la WhatsApp, lakini hakuna anayejibu." Ni kweli, magrupu mengi yamegeuka mahali pa salamu, picha za harusi na matangazo. Kiongozi aseme siku maalumu ya somo. Aweke swali moja, si matano. Asiyeweza kuandika haraka atume sauti. Na aliyejibu ajibiwe kwa jina lake: "Asante mama Kulwa, umesema vizuri, lakini hebu tueleze zaidi." Mtu akiitwa jina, hurudi.

"Simu imesema uongo." Hutokea. Si kila kilichomo kwenye simu ni elimu. Kuna wauza dawa za uongo na wapiga porojo. Ulizeni: nani amesema? Anapata nini akitudanganya? Mganga wa zahanati, bwana shamba au ofisi ya madini wanasema nini? Na mkiwa na mgonjwa, mpelekeni kituo cha afya. Simu inaweza kukufundisha kujikinga. Haiwezi kukupima.

KWA WEWE UNAYEFUNDISHA

Labda wewe ni mwalimu, au mhudumu wa afya, na unatuma masomo kwa simu. Neno kwako ni fupi. Usitume hotuba ya saa nzima. Tuma dakika tano, kisha uliza swali. Uliza swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa "ndiyo". Ukisema "Mmeelewa?" watasema ndiyo hata kama hawajaelewa, kwa heshima tu. Uliza hivi: "Wewe nyumbani kwako utafanyaje?" Halafu ngoja. Usijijibu mwenyewe. Kimya cha dakika mbili si kibaya, watu wanafikiri. Wape kazi ndogo ya mikono, waambie wakutumie picha ya walichofanya. Na wakikutumia, itazame, uwajibu. Mwanafunzi wa simu asiyejibiwa ni kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba tupu. Atapiga mara mbili, mara ya tatu ataondoka.

MWISHO

Ndugu msomaji, ulipojifunza kusoma ulishika chaki mwenyewe. Mkono ulitetemeka, herufi ya kwanza ikawa kama mguu wa kuku. Lakini uliiandika wewe, na ndiyo maana leo unasoma ukurasa huu. Simu nayo uishike hivyo hivyo. Isiseme peke yake. Ijibu, iulize, isimamishe, irudishe nyuma, ijaribu kwa mikono yako. Likikwisha somo, ondoka na kazi ya kufanya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kikundi cha kwanza na kikundi cha pili walipata somo lile lile. Tofauti yao ilikuwa nini?
2. Donge la gramu kumi na mbili likichomwa, ikabaki dhahabu ya gramu saba, zebaki iliyopanda hewani ni gramu ngapi? Kama kazi hiyo hufanywa mara nne kwa mwezi, ni gramu ngapi kwa mwezi?
3. Waulizeni wazee wawili wa kijiji: je, walisikiliza vipindi vya Mtu ni Afya mwaka 1973? Wanakumbuka nini? Kazi gani walifanya?
4. Katika kikundi chenu, nani huwa hasemi? Mtafanya nini ili naye aseme?

KAZI YA WIKI HII

Chagueni somo moja fupi la simu juu ya jambo linalowasumbua kijijini. Lisikilizeni kwa kufuata hatua saba. Andikeni katika daftari la kikundi: tuliamua kufanya nini, nani atafanya, na lini. Mkutano ujao anzeni kwa kusoma ukurasa huo kwa sauti.

MANENO YA KUKUMBUKA

Zebaki: madini ya majimaji yanayokamata dhahabu, mvuke wake ni sumu.
Retoti: chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba, cha kurudisha mvuke wa zebaki.
Kujadili: kuzungumza jambo kwa kuulizana na kutoa sababu.
Ngitili: malisho yaliyotengwa ili yaote na kutumika wakati wa kiangazi.
Kushusha somo: kulichukua kutoka kwenye intaneti na kulihifadhi katika simu.